Kufundisha Fremu kwa Ubao na Chaki

Mwanachuo anayefungua vitabu vya zamani vya kutengeneza kurasa za mtandao hukutana na fremu, naye huuliza kama zinastahili kufundishwa. Hapa Morogoro mimi nazifundisha bado, ingawa HTML5 ya mwaka 2014 ilikwisha kuzitangaza kuwa zimepitwa na wakati. Nazifundisha kwa nusu kipindi, kwa ubao na chaki, wala kompyuta haiwashwi. Sijaona somo jingine linaloonyesha upesi namna hiyo tofauti kati ya ukurasa unaomfaa mwandishi na ukurasa unaomfaa msomaji.

Ubao hugawanywa hivi. Mstari wa kulala hukata ukanda mwembamba juu. Chini yake mstari wa kusimama huacha robo upande wa kushoto na robo tatu upande wa kulia. Juu naandika "Milima ya Uluguru". Kushoto naandika orodha: Mto Ruvu, Kilele cha Kimhandu, Bustani za Mgeta. Mwanachuo akigusa "Mto Ruvu", mwenzake huandika upande wa kulia kwamba mto huo huanzia milimani humu na kwamba maji yake hunywewa Dar es Salaam. Akigusa "Bustani za Mgeta", habari za Ruvu hufutwa, mahali pake zikaandikwa za kabichi na matuta. Orodha haiguswi. Hiyo ndiyo fremu: dirisha moja lililogawanywa, kila sehemu na faili lake. Darasa huhesabu mafaili matatu. Nami huuliza, je, mistari imechorwa na nani? Ndipo hung'amua kwamba liko la nne, lisilo na habari yoyote ila vipimo vya mgawanyo.

Waliobuni jambo hili wasidharauliwe. Kampuni ya Netscape ilipotoa Navigator 2.0 yenye fremu mwaka 1996, watu wengi walitegemea laini za simu zilizokwenda polepole, na kutopakua orodha upya kila mara kulikuwa nafuu ya kweli.

Lakini kila kiungo sharti kitaje jina la fremu kitakamofungukia. Jina likisahauliwa, habari za Ruvu hufuta orodha yenyewe na kuingia katika ile robo ya ubao, maneno yamebanana kama abiria wa daladala. Darasa hucheka sana, na ni vizuri wacheke. Kisha namwambia mmoja amwelekeze rafiki aliye mbali kwenye habari za Mgeta kwa kumpa anwani. Hawezi, maana anwani inayoonekana ni ya lile faili la nne. Rafiki atafikia mlangoni tu.

Mwaka mmoja alikuwamo darasani mwanachuo asiyeona, ambaye hutumia programu inayomsomea skrini kwa sauti. Aliuliza: "Mwalimu, wenzangu wanaiona mistari. Mimi nitajuaje kwamba nimetoka kwenye orodha nikaingia kwenye habari?" Niliwaomba wote wafumbe macho, mmoja awasomee ubao mzima bila kutaja mistari. Majina na maelezo yakafuatana pasipo mpaka, na hakuna aliyeweza kusema amefika wapi. HTML 4 iliruhusu kila fremu ipewe kichwa cha maneno kwa ajili ya wasomaji wa namna hiyo. Waandishi wengi hawakujisumbua. Tangu siku ile zoezi la kufumba macho hutangulia mengine yote.

Siku hizi mgawanyo uleule hufanywa ndani ya faili moja. Orodha huwekewa alama ya nav na habari alama ya main, ambazo programu ya kusoma huzitambua na kumtajia msikilizaji. CSS nayo huishikilia orodha isisogee. Mwanachuo yule alitengeneza ukurasa wake wa Uluguru kwa njia hiyo, na mwanzoni kabisa akaweka kiungo cha kuruka orodha. Alisema amechoka kusomewa majina yaleyale kila anapofungua mlango.