Tarehe Mbili, Anwani Moja

Karani wa chama kile cha akiba na mikopo hakukosea tarehe hata moja. Niliyekosea ni mimi, kisha nikamsingizia yeye mbele ya kamati.

Programu ya marejesho niliiandika kwa C. Kazi yake ilikuwa ndogo: isome siku ya mwisho ya kulipa, isome leo, ihesabu siku za kuchelewa, itoze faini. Kompyuta ile ilitunza wakati kwa sekunde zilizopita tangu 1 Januari 1970, nami nilitaka siku kamili. Basi nikaipa localtime sekunde za kwanza, kisha za pili, nikafuta saa na dakika, nikazirudisha kuwa sekunde kwa mktime, nikagawa tofauti kwa 86,400. Mitego inayosemwa sana niliikwepa, nikajiona fundi: miezi huanzia sifuri, na mwaka huhesabiwa tangu 1900, hivyo 2019 huwa 119.

Kumbe localtime haikukabidhi tarehe. Inakupa anwani ya mahali ilipoiandika, na mahali hapo hutumika tena na tena, kama ubao wa darasani: mwalimu wa pili akiingia, anafuta ya mwenzake. Pointa zangu mbili zilikuwa zikitazama ubao mmoja. Kila mkopo ukaonekana mwisho wake ni leo. Tofauti sifuri, faini sifuri. Wanachama, bila shaka, hawakulalamika.

Mhasibu ndiye aliyeshtuka. Nikaitazama ripoti, nikaona kila mstari tarehe zinafanana, nikatamka: "Karani anajaza tarehe ya leo kila mahali." Faili la kumbukumbu sikulifungua. Dada wa watu akaandikiwa barua ya onyo. Alipoleta daftari lake la mkono ndipo nikalifungua faili hilo, nikakuta sekunde zote zinakubaliana na daftari.

Dawa yake ni localtime_r, ambayo wewe mwenyewe unaipa pa kuandikia. Ukurasa wa mwongozo unaonya waziwazi, na nilikuwa nimeshausoma.

Kwenye kikao nikasema "mfumo ulikuwa na hitilafu", utadhani mfumo ulijiandika. Kamati ikasamehe faini za nyuma. Barua ya onyo ikabaki kwenye jalada la karani mpaka aliponifuata: "Kaka, utawaambia lini?" Siku hiyohiyo nikaiandikia kamati, nikataja mstari wenye kosa na jina la aliyeuandika.