Mjanja au Mwerevu?

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kumtaja mtu anayefikiri haraka. Kuna mwerevu, kuna mjanja, kuna mbunifu, na siku hizi kuna "kujiongeza", neno ambalo hapa chuo halimalizi saa bila kusikika. Boom limechelewa? Jiongeze. Umekosa nafasi hosteli? Jiongeze. Hata Dar es Salaam tuliipa jina la Bongo, kwamba bila ubongo pale hutoboi.

Ila maneno haya hayana uzito mmoja. Mwerevu ni sifa tupu. Mjanja ana sura mbili: Sungura wa hadithini ni mjanja, na tapeli wa mjini naye ni mjanja. Mtaani ukiitwa hivyo unatabasamu. Mwalimu akikuita hivyo darasani, ujue umeshakuwa mtuhumiwa.

Likizo iliyopita nilijitolea kufundisha hisabati darasa la sita katika shule moja ya Masoko, wilayani Rungwe. Siku ya kuchora duara, darasa zima lilikuwa na bikari nne. Kijana mmoja hakusubiri zamu. Alichana uzi kwenye gome kavu la mgomba, akafunga ncha moja kwenye penseli, nyingine akaibana kwa kidole gumba, akazungusha. Duara likatoka safi. Mwalimu mwenyeji akasema, "Huyo ni mjanja mjanja tu, asubiri bikari." Wenzake wakacheka, naye akaukunja uzi wake akautia mfukoni.

Nilimwita ubaoni aoneshe, kisha nikauliza kwa nini uzi umetoa duara. Binti wa dawati la mbele akajibu, "Mwalimu, kwa sababu urefu wake haubadiliki." Hiyo ndiyo nusukipenyo, na tulikuwa bado hatujaifikia. Kinyakyusa kina neno amahala, yaani akili, na siku hiyo nililiona likifanya kazi.

Tanzania ina kisa kikubwa zaidi cha namna hii. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aisikrimu na wenzake. Akihofia kukosa nafasi kwenye friji, aliingiza maziwa yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuwa ya moto. Alipouliza sababu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kutoa mhadhara. Wanafunzi walicheka, lakini Osborne alikwenda kupima. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala, na leo dunia inaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba. Fikiria kama angenyamaza baada ya kicheko cha kwanza.

Wenzangu wa ualimu, muda si mrefu sisi ndio tutakuwa mbele ya madarasa hayo. Neno tutakalolichagua ndilo litakaloamua kama mtoto atautoa uzi wake tena au atauficha.

Na tusiligeuze "jiongeze" kuwa kichaka cha kujifichia. Uzi wa mgomba ulimwokoa yule kijana siku moja, haukufuta ukweli kwamba darasa zima lina bikari nne. Anayejiongeza aitwe mwerevu, halafu atafutiwe bikari.