HUKUMU YA SOKONI

Katika mji wetu wa Rumonge mna mabaraza mawili ya kuhukumu watu. La kwanza ni la serikali. Lina hakimu na karani, na mshitakiwa huulizwa kama ana neno la kusema. La pili liko sokoni, kati ya mafungu ya ndagala na madumu ya mawese. Hilo halina karani wala rufani, na mshitakiwa hayupo anapohukumiwa. Leo nataka kuandika habari za baraza hili la pili, hasa linapowahukumu vijana wachezaji wa shule.

Kijana akiwa hodari wa mpira, watu humjua kuliko wanavyomjua mwalimu wake. Akifunga bao Jumapili, Jumatatu kila mtu wa ufukoni humwita mwanangu. Mvuvi humpa samaki wawili wa mukeke, mwenye duka humpa soda, mwenye shamba la michikichi humtilia faranga mfukoni. Hakuna anayesema kwamba ni vibaya. Lakini siku lawama inapotokea, zawadi zile zile huitwa rushwa, na wale waliozitoa huwa wa kwanza kusema, "Sisi tulijua tangu zamani."

Muhula uliopita jambo kama hili liliwapata wachezaji wawili ninaowafahamu. Majina yao sitayataja. Wa kwanza alishitakiwa kwamba ameiba jozi ya viatu vya mpira katika stoo ya shule. Wa pili alishitakiwa kwamba amepokea faranga 10,000 na fungu la ndagala kutoka kwa mfanyabiashara mmoja mpenda timu. Habari ilitoka shuleni asubuhi. Ilipofika sokoni adhuhuri, viatu vilikuwa vimezaa na kuwa jozi sita, na zile faranga zilikuwa zimegeuka bei ya kuuza mchezo. Mama wa yule wa kwanza ni muuza samaki. Siku hiyo wanunuzi walimpita, na mmoja akamwuliza kama samaki wake nao ni wa wizi. Mama yule hakujibu. Alifunika beseni lake akaenda nyumbani.

Siku tano baadaye walimu walikaa, wakauliza, wakasikiliza. Ilionekana kwamba viatu vilichukuliwa bila ruhusa, lakini vilikuwa kwa fundi, vinashonwa soli kwa fedha za kijana mwenyewe ili apate kuchezea. Kosa ni kosa. Adhabu yake ikawa kukaa nje ya michezo mitatu. Yule wa pili alionywa tu, kwa kuwa hakuombwa kufanya lolote kwa ajili ya zile faranga. Naona hukumu ile ilikuwa ya haki. Lakini yule wa kwanza hakuwapo kuisikia. Alikuwa amekwisha kwenda kusini pamoja na wavuvi. Sasa, wenzake wanapojitayarisha kwa mtihani wa Serikali, yeye hukesha mtumbwini kila usiku usio na mbalamwezi, akiangalia taa zinazovuta ndagala. Uvuvi si kazi ya aibu, maana ndio uliotulea wengi wetu. Lakini yafaa mtu auchague, asitupwe ndani yake. Walimu walimnyima michezo mitatu. Soko lilimnyima shule.

Msidhani kwamba mambo haya ni ya pwani yetu tu. Huko Marekani alikuwako kijana mmoja, Jim Thorpe, wa kabila la Sac and Fox, aliyesoma katika shule ya bweni ya Carlisle, iliyowekwa kwa ajili ya watoto wa wenyeji wa asili wa nchi ile. Mwaka 1912, katika Michezo ya Olimpiki ya Stockholm, alishinda shindano la michezo 5 na lile la michezo 10. Januari 1913 gazeti moja lilitangaza kwamba mwaka 1909 na 1910 alikuwa amecheza besiboli kwa malipo madogo. Sheria ya siku zile ilimkataza mchezaji wa Olimpiki kulipwa kwa mchezo wowote. Akanyang'anywa medali zake, ingawa kanuni za mashindano zilitaka malalamiko yaletwe katika siku 30, na siku hizo zilikuwa zimepita zamani. Tena wanafunzi wengi wa vyuo walicheza vivyo hivyo wakati wa likizo, ila kwa majina ya uongo. Thorpe alicheza kwa jina lake mwenyewe.

Thorpe alikufa mwaka 1953. Watoto wake walipewa medali mwaka 1983, na mwaka 2022 ndipo alipotajwa tena kuwa mshindi pekee. Hesabuni wenyewe: kumvunjia jina kulichukua majuma machache, kumrudishia kulichukua miaka zaidi ya 100. Na fedha zile zilizomponza? Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo vya Marekani wana ruhusa ya kupata fedha kwa majina na sura zao.

Wizi ni jambo jingine, wala simtetei mwizi. Novemba 2017 wachezaji watatu wa mpira wa kikapu wa chuo kikuu cha UCLA walikamatwa huko Hangzhou, nchini China, kwa kuiba madukani. Waliporudi kwao walikiri mbele ya watu wakaomba radhi, na chuo kikawasimamisha. Hapo kosa lilijulikana na wenyewe walisema. Ndiyo tofauti niitakayo: kwanza neno la mshitakiwa, kisha adhabu.

Wengine watasema kwamba mchezaji ni kioo cha watoto, kwa hiyo aadhibiwe kuliko wengine. Ni kweli kwamba ni kioo. Lakini watoto wale wale wanatutazama na sisi tunavyohukumu, nao wanajifunza. Wameona pia kwamba mpokeaji alitukanwa barabarani, na mtoaji hakuulizwa hata neno moja. Jumapili iliyofuata mfanyabiashara yule aliketi mahali pake pale pale kando ya uwanja.

Basi, ndugu wasomaji, kabla hatujalitaja jina la mtu, tuulize mambo matatu. Amefanya nini hasa, na nani aliyeona? Je, ni wizi, au ni zawadi ambayo sisi wenyewe tulimzoeza kupokea? Na kama ni zawadi, aliyeitoa yuko wapi? Wazee walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole hupona, na anayeumia ni mwenye kidole. Ulimi ukijikwaa, anayeumia ni mwingine.

Mwanafunzi wa darasa la mwisho