Tuchague taa isiyodanganya rangi

ZAMANI mnunuzi wa nguo alikuwa na haki moja ambayo muuzaji hakuweza kumnyima: kulibeba jora hadi mlangoni mwa duka na kulitazama juani. Wazee wetu hawakuiamini taa ya dukani. Kitambaa kilichoonekana cheusi chini ya balbu huenda mlangoni kikajitokeza na wekundu wa kahawia, na nguo iliyong'aa ndani huenda nje ikafichua uzi mbovu. Leo mnunuzi yuko Tanga, Unguja au Muscat, na duka limo ndani ya simu yake. Mlango wa kutokea hana. Haoni ila kile tulichomwonyesha.

Jambo hili lilitushughulisha sana hapa kwetu Temeke tulipoamua kutenga chumba kidogo cha uani kiwe studio ya picha. Mama watoto hushona mabuibui na majoho, dada zetu wawili hudarizi kofia za mkono, na wanaume wa nyumba hupiga picha, hujibu wateja na kupeleka mizigo stendi. Mapato yake husaidia kodi ya nyumba na ada za watoto. Mteja wa mkoani akirudisha joho kwa sababu rangi si ile aliyoiona, nauli ya mzigo ya kwenda na kurudi humeza faida ya kazi ya siku tatu. Na linaloondoka pamoja na faida hiyo ni imani ya mteja, ambayo hairudi kwa basi la kesho.

Mchana kila mmoja wetu ana majukumu yake. Nafasi ya kupiga picha hupatikana baada ya Isha, watoto wakiwa wamelala. Jua, taa iliyo bora kuliko zote na isiyo na bei, saa hizo halipo. Ikatubidi tununue taa, nasi tulikuwa na shilingi 150,000 tulizodunduliza, tukiwa tumekubaliana mapema kwamba hatutakopa.

Tulichagua taa za kuwaka mfululizo badala ya flashi kwa sababu iliyo wazi. Flashi humweka mara moja ikazima, na mpigaji hujua ilichofanya baada ya picha kutoka. Taa inayowaka muda wote humwonyesha kivuli kilipoangukia kabla hajabonyeza, akaweza kuisogeza taa au nguo mpaka aridhike. Kwa watu wanaojifunza, wenye simu na si kamera kubwa, huo ndio mwalimu wa kwanza.

Kariakoo tulipokewa kwa bashasha. “Ustadhi, chukua hii, wati 100, inawaka kama jua!” alisema kijana mmoja wa dukani. Hakuwa na nia mbaya. Wateja wengi huulizia ukali wa taa tu. Lakini wati ni kipimo cha umeme unaoliwa, si cha ukweli wa rangi. Yako maandishi mengine juu ya boksi yanayostahili kusomwa kabla ya hayo.

La kwanza ni kelvini, yaani kipimo cha rangi ya mwanga wenyewe. Balbu ya manjano ya sebuleni huwa karibu na 2700, jua la mchana ni kama 5500, na balbu nyingi nyeupe za madukani huandikwa 6500, ambazo mwanga wake huelekea samawati. Kamera huweza kurekebishwa kwa yoyote kati ya hizo, mradi taa zote chumbani ziwe za namna moja. Ukichanganya balbu ya manjano ya darini na nyeupe ya pembeni, nguo moja hupata rangi mbili, na hakuna marekebisho ya simu yatakayoziponya zote.

La pili ndilo kubwa zaidi: herufi CRI, kipimo cha uaminifu wa taa katika kuonyesha rangi. Kikomo chake ni 100. Balbu nyingi za LED za kawaida huwa karibu na 80, ilhali zinazofaa kwa nguo ni 90 kwenda juu, na 95 ni bora. Hata hapo pana tahadhari. Kipimo hicho hupatikana kwa wastani wa rangi 8 za majaribio, na wekundu uliokolea haumo miongoni mwake. Umewekewa namba yake ya pekee, R9. Kwa hiyo taa inaweza kupata alama nzuri na bado ikaufubaza wekundu wa kanga ya kisutu. Muuzaji asipoijua R9, dawa ni kwenda dukani na kipande cha kitambaa chekundu na kingine cheusi, kuvitazama chini ya balbu, kisha kutoka navyo nje. Hekima ile ile ya wazee, safari hii inaipima taa badala ya nguo.

Tulizunguka maduka kadhaa kabla ya kupata balbu 4 za LED za wati 12, zenye CRI ya 95 na kelvini za namna moja. Zilikuwa ghali kuliko za kawaida, lakini baada ya holda, waya na plagi bado tulibakiwa na akiba ya kumlipa fundi seremala.

Seremala alitutengenezea stendi mbili na fremu moja ya mbao yenye upana wa mita moja, tukaiwamba shuka jeupe jepesi. Hiyo fremu ndiyo siri ya picha laini. Balbu tupu ni kitu kidogo, na chanzo kidogo cha mwanga huchora kivuli kikali. Mwanga ukipita katika shuka, shuka lote hugeuka taa, na kivuli hulainika. Kadiri fremu inavyokaribia nguo ndivyo ulaini unavyozidi. Tena kwa balbu tupu ukizidisha umbali mara mbili, mwanga unaofika hubaki robo, wala si nusu. Ndiyo maana asiye na fedha ya taa kubwa hujinufaisha kwa kuisogeza ndogo.

Lilibaki suala la kuta. Chumba kilikuwa kimepakwa rangi ya kijani. Ibn al-Haytham, mwanazuoni aliyezaliwa Basra mnamo mwaka 965 na kufariki Cairo mnamo 1040, alieleza katika Kitab al-Manazir kwamba jicho huona kwa mwanga unaotoka katika vitu na kuliingia, na kwamba kitu chenye rangi kikiangaziwa hutupa rangi yake juu ya kitu cheupe kilicho jirani. Miaka elfu moja baadaye kanuni hiyo ilikuwa ikiipaka kofia yetu nyeupe ukijani. Tulitundika mashuka meupe pande mbili, na kofia ikarejea kuwa nyeupe. Gharama yake ilikuwa misumari.

Hatuingii hapa katika mjadala wa wanazuoni kuhusu picha za viumbe. Studio yetu hupiga nguo zikiwa kwenye henga au mezani, bila mvaaji. Lakini lipo suala la uadilifu ambalo hata picha ya nguo tupu haiepuki, nalo lilitujia kwa njia ya mahali pa kuiweka taa.

Taa ikikaa mbele, sawa na kamera, kama zifanyavyo zile taa za duara zinazopendwa na vijana, vivuli hufichika nyuma ya nyuzi. Nguo hutoka safi lakini bapa; nakshi haionekani imeinuka, na vitobo vya kofia huonekana kama madoa. Taa ikihamishwa ubavuni, kila uzi hupata kivuli chake, na darizi huonekana kama inavyohisiwa kwa kidole. Tatizo ni kwamba taa ya ubavuni haichagui. Joho la kwanza tulilolipiga hivyo lilionyesha mshono wa bega uliopinda kidogo, kosa ambalo taa ya mbele ilikuwa imelifuta kabisa.

Pakawa na mazungumzo marefu usiku ule. Wapo walioona turudishe taa mbele, kwani mteja hangelijua. Bibi, aliyekuwa ameketi na tasbihi yake, akauliza: “Wanangu, na akilivaa?” Mama watoto hakujibu, alilichukua joho, akaufumua mshono na kuushona upya. Kuficha aibu ya bidhaa ni jambo tulilokatazwa, nayo taa inaweza kuificha kama mkono unavyoweza. Tangu hapo picha ya kwanza ya kila nguo hupigwa kwa taa ya ubavuni, na huwa ukaguzi wa kazi kabla ya kuwa tangazo.

Yapo pia mambo madogo yanayookoa fedha. Kabla ya kununua balbu, ipige video ya mwendo wa polepole kwa simu; ikionekana inapepesa, iache, kwani itachora mistari kwenye picha na video zako. Anza kila usiku kwa kuiwekea kamera weupe sahihi kwa karatasi nyeupe. Kwa baibui jeusi, punguza mwanga kidogo ndani ya simu, maana kamera hupenda kuugeuza weusi kuwa kijivu. Asubuhi, linganisha picha na nguo yenyewe juani kabla ya kuituma.

Wapo wanaonunua taa za halojeni za mafundi ujenzi kwa kuwa hutoa mwanga mwingi. Moja ya wati 500 ikiwaka saa 2 kwa usiku 25 hula uniti 25 za LUKU. Balbu zetu 4 kwa muda huo huo hula uniti 2.4. Aidha halojeni huwa na joto kali, na studio ya nguo ni chumba kilichojaa vitambaa. Usalama wa watoto waliolala chumba cha pili una thamani kuliko mwanga huo.

Kwa familia yenye fungu dogo kuliko letu, shauri letu ni hili: nunueni balbu moja iliyo aminifu kabla ya nne zisizo aminifu, shuka jeupe kabla ya stendi, na karatasi nyeupe kabla ya programu ya kupamba picha. Nguo nzuri haihitaji kuongezewa sifa isiyo yake. Tunamuomba Allah azitie baraka biashara za majumbani mwetu, na atujaalie wateja wafungue mizigo yao wakute kile kile walichokiona.