Kaunta Buku ya Mwenyekiti

Mwanzoni mwa miaka ya 90, ukishuka kutoka stendi ya Moshi kuelekea soko la Mbuyuni, harufu ya duka la Mwenyekiti wa timu yetu ilikupokea kabla hujaliona: matairi mapya, grisi, na solusheni ya kuzibia pancha. Aliuza vipuri vya baiskeli. Minyororo na rimu zilining'inia darini, na katikati yake, kwenye kamba, zilikaukia jezi za kijani alizofua mkewe kwa sabuni ya mche.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, baba. Ingia, shika hapa."

Kushika hapa kulikuwa na maana ya mpira. Timu yetu ya mtaa haikuwa na mipira ya kuchezea hovyo. Mshono ukifumuka aliufungua taratibu kwa msumari uliosuguliwa, akaivuta bladda, akaijaza pumzi na kuizamisha kwenye beseni la maji. Tuliinama wote kutafuta povu. Likionekana, alikausha pale mahali, akapasugua kwa msasa, akapaka solusheni na kuipulizia, kisha akabandika kiraka kilekile cha baiskeli. Kushona alimwachia fundi viatu aliyekaa barazani, mwenye uzi uliopakwa nta.

Kwenye karatasi timu ilikuwa na katibu, mweka hazina na wajumbe. Njumu, hata hivyo, alinunua yeye. Kaunta buku yake nyeusi yenye mgongo mwekundu niliijua vizuri, maana alikuwa akinituma kuileta. Upande wa matumizi ulijaa: lori, chokaa, bandeji, glukosi, ndizi mbivu. Upande wa mapato ulikuwa na mistari michache ya michango ya mashabiki, na kila mwisho wa mwezi, ili hesabu zilingane, aliandika neno moja tu kwa kalamu nyekundu: duka.

Jumapili baada ya ibada tulipanda lori ambalo siku nyingine lilishusha ndizi kutoka mlimani. Sakafu ilikuwa bado na majani makavu ya migomba, na utomvu ulitia madoa kwenye kaptula. Tukishapita nyumba za mwisho za mji hewa ilibadilika. Vumbi liliisha, ubaridi ukaanza, na pande zote mbili za barabara ya Kibosho zikaja migomba, mibuni chini yake, masale kwenye mipaka ya vihamba, na maji ya mfereji yakiteremka kwa haraka kando ya njia. Msimu wa kahawa ulisikika pia: mashine za mkono za kumenyea buni zikikereza nyuma ya nyumba, na harufu yake chachu ikitufuata hadi uwanjani.

Viwanja vya juu vilikuwa na mteremko. Kura ya shilingi ilikuwa jambo zito, kwa sababu aliyecheza kuteremka kipindi cha pili alikuwa na nafuu kubwa. Mpira ukitoka ulipotelea kwenye mibuni, na watoto wa kijiji waliukimbilia kwa furaha ambayo bado naisikia. Mwenyekiti hakukaa kwenye benchi. Alisimama karibu na kona, kofia mkononi, midomo ikisogea bila sauti. Jioni wenyeji walituletea mtori wa moto kwenye mabakuli ya bati, wazee wakapewa mbege, na wingu likifunguka Kibo ikatokea juu yetu, nyeupe, karibu kuliko ilivyokuwa mjini.

Mji ulikuwa na timu kubwa, Ushirika, iliyotuletea vigogo wa ligi mpaka Moshi. Lakini dukani mazungumzo yalihamia upesi kwa wafadhili wa Dar es Salaam: Abbas Gulamali wa Yanga, Azim Dewji wa Simba. Mwenyekiti aliwataja kama mtu anavyowataja watu wa kazi yake, na mimi naona alikuwa na haki hiyo. Yusuf Manji alipochaguliwa mwenyekiti wa Yanga mwaka 2012, kisha Mohammed Dewji akashinda zabuni ya hisa za Simba mwaka 2017, nilimkumbuka Mwenyekiti wetu. Angeuliza kwanza nani anafua jezi.

Novemba 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF. Kule Abidjan ilikuwa imetoka sare ya 0-0 na Stella ya huko, na marudiano yalikuwa Dar es Salaam, Rais Mwinyi akiwa jukwaani. Tulijazana dukani hadi barazani. Redio ilikuwa na antena iliyovunjika, akaiunga kwa spoku. Kila jina la Mwameja au Masatu lilipotajwa, watu walisogea mbele. Kisha Boli Zozo akafunga, na baadaye akafunga tena. Mtu mmoja aliikumbuka ahadi ya magari ambayo ilisemekana Azim aliwapa wachezaji wakitwaa kombe. Hakuna aliyemjibu.

Mwenyekiti alizima redio ili kutunza betri. "Yule bwana leo hatalala," alisema. "Ametoa cha mfukoni tangu raundi ya kwanza." Akafungua kaunta buku, akaandika chokaa na lori, akatutazama tuliobaki.

"Kesho Kibosho. Lori linaondoka saa saba kamili, na safari hii hatumsubiri mtu."