Mahakama ya Mpira: Kibera na Kawangware Baada ya Mchezo na Madagaska

Mji wa Nairobi una mitaa mingi, na kila mtaa una sifa yake. Upande wa magharibi na kusini-magharibi iko mitaa miwili ambayo majina yake yajulikana hata na mtu asiyepata kufika mjini, nayo ni Kibera na Kawangware. Barabara ya Ngong yapita kati yao. Kawangware iko kaskazini ya barabara hiyo, jirani na nyumba kubwa za Lavington zenye bustani na walinzi. Kibera iko kusini, imelala juu ya mteremko ushukao hata Bwawa la Nairobi, na reli iendayo Kisumu yapita katikati ya vibanda vyake.

Asili ya mitaa hii ni mbalimbali. Kibera ilianza mwanzoni mwa karne ya 20, Wanubi waliotumika katika jeshi la King's African Rifles walipopewa ruhusa ya kukaa huko na jamaa zao. Jina lenyewe latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Kwa miaka mingi Wanubi waliidai ardhi hiyo, na mwaka 2017 Serikali iliwapa hati ya ekari 288. Kawangware nayo ilikuwa sehemu ya Dagoretti, nchi ya mashamba ya Wakikuyu, ikaingizwa katika mipaka ya mji mwaka 1963. Kwa hiyo ardhi yake nyingi ina wenyewe walioirithi kwa baba zao, hali sehemu kubwa ya Kibera ni ardhi ya Serikali. Lakini kwa mpangaji tofauti hiyo si kubwa sana: huku na huku chumba ni kimoja, bati ni lile lile, na alfajiri watu hutoka kwa maelfu kwenda kazini, wengi wao kwa miguu.

Liko jambo jingine linalofananisha mitaa hii miwili, nalo ni mpira. Hapana siku mpira unapochezwa Nairobi ambayo habari zake hazijadiliwi huku mpaka usiku wa manane. Wale waitazamao michezo kutoka mbali huenda wakadhani kwamba mchezo hwisha refa anapopiga kipenga cha mwisho. Katika Kibera na Kawangware ndipo unapoanza mchezo wa pili, yaani kesi, na mahakama yake ni kinyozi, kibanda cha chai, jukwaa la pikipiki na banda la televisheni. Mashahidi ni wengi, mawakili hawana malipo, na hakimu hajulikani ni nani.

Zamani kesi hizo zilikuwa za timu mbili tu. Abaluhya United ilianzishwa mwaka 1964, na baadaye ikabadili jina ikawa AFC Leopards, ambayo wapenzi wake huiita Ingwe, yaani chui. Gor Mahia ilizaliwa mwaka 1968 kwa kuunganishwa timu za Wajaluo, nayo huitwa K'Ogalo. Kwa kuwa Waluhya na Wajaluo ni watu waoanao, pambano la timu hizi laitwa pambano la mashemeji, na jina hilo lina hekima ndani yake, kwani shemeji ni mtu wa kutaniwa wala si mtu wa kupigwa. Katika vijiji vya Kibera kama Gatwekera na Kisumu Ndogo, rangi ya kijani ya Gor Mahia ndiyo ionekanayo zaidi. Katika vichochoro vya Kawangware, ambako Waluhya ni wengi, buluu na nyeupe ya Ingwe haikosi. Hata hivyo mtu akisema kwamba kila mtaa una timu moja atakuwa amekosea, maana hata nyumba moja huweza kugawanyika, baba huku na mama kule.

Wazee wa pande zote mbili wana sifa zao za kusimulia. Wa Ingwe hukumbuka vikombe vitano vya timu za Afrika Mashariki na Kati, cha mwisho mwaka 1997, na ubingwa wa ligi wa mwaka 1998. Hukumbuka pia jina la Joe Kadenge, aliyefariki mwaka 2019, na jinsi maneno "Kadenge na mpira" yalivyotoka katika redio yakawa msemo wa nchi nzima. Wa Gor Mahia husimulia mwaka 1987, timu yao ilipokwenda sare ya 2–2 na Espérance mjini Tunis, kisha 1–1 Nairobi, ikachukua Kombe la Washindi la Afrika kwa sababu ya mabao ya ugenini. Wale wa Ingwe nao huwakumbusha mwaka 1979, Gor Mahia ilipofungwa mabao manane kwa bila na Canon ya Yaoundé katika fainali ya michezo miwili. Hivyo ndivyo ushahidi unavyotolewa: kila sifa hujibiwa kwa kidonda.

Mwezi wa Agosti 2025 kesi iliyokuja ilikuwa ya namna nyingine. Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa pamoja mashindano ya CHAN, ambayo ni ya wachezaji wanaocheza katika ligi za nchi zao wenyewe. Hapo nyuma, mwaka 2017, Kenya ilinyang'anywa nafasi ya kuyaandaa yale ya mwaka 2018 kwa kuwa haikuwa tayari, yakapelekwa Morocco. Wala Kenya haikuwa imepata kucheza katika mashindano hayo hata mara moja. Tena miaka michache kabla yake mpira wa nchi ulikuwa umefungiwa na FIFA, tangu Februari hata Novemba mwaka 2022, kwa ugomvi wa uongozi. Kwa hiyo Harambee Stars walipoingia uwanja wa Kasarani chini ya mwalimu wao mpya, Benni McCarthy wa Afrika Kusini, watu wengi wa Kibera na Kawangware walitazamia aibu tu.

Aibu haikuja. Tarehe 3 Agosti Kenya iliifunga Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo bao 1–0, lililofungwa na Austin Odhiambo wa Gor Mahia. Ikatoka sare 1–1 na Angola, Odhiambo akifunga tena. Ikaifunga Morocco 1–0, kisha Zambia 1–0, na yote mawili ni mabao ya kijana Ryan Ogam. Kongo ilikuwa imepata kuwa bingwa wa CHAN mara mbili, na Morocco vile vile. Katika kundi lililoogopwa kuliko yote, Kenya ilipata pointi 10, ikafungwa bao moja tu. Majuma hayo matatu, mtu aliyevaa kijani na mtu aliyevaa buluu walishangilia bao moja katika banda moja, jambo ambalo si la kila siku.

Ndipo tarehe 22 Agosti ukaja mchezo wa robo fainali na Madagaska, kisiwa ambacho wazee wa pwani hukiita Bukini. Kenya ilitangulia kufunga mara tu baada ya mapumziko, kwa kichwa cha Alphonce Omija. Madagaska ikarudisha kwa penalti. Muda wa nyongeza haukuleta bao, na katika kupigiana penalti Kenya ilishindwa 4–3. Kasarani iko ng'ambo ya pili ya mji, upande wa kaskazini-mashariki, na mtu wa Kawangware arudiye usiku hupanda gari hadi katikati ya mji, kisha hutafuta matatu namba 46. Safari ile ya kurudi na kushindwa ilikuwa ndefu kuliko ile ya kwenda.

Tuhuma zilizoletwa mbele ya mahakama zilikuwa nne. Ya kwanza ni kwamba timu iliridhika na bao moja. Ushindi wote wa Kenya katika kundi ulikuwa wa 1–0, na wako waliosema kwamba kuishi kwa bao moja ni kama kulala na unga wa siku moja: siku panya akiingia, nyumba nzima hushinda na njaa. Ya pili ni nidhamu. Dhidi ya Angola na tena dhidi ya Morocco, mchezaji wa Kenya alitolewa kwa kadi nyekundu, timu ikabaki na watu kumi, ikatumia nguvu nyingi mno. Ya tatu ni penalti zenyewe, ambazo wengi husema kuwa ni bahati, na wachache hujibu kuwa bahati hiyo hufundishika. Ya nne ilimhusu mwalimu, kwa kuwa kila timu ikishindwa yuko mtu ajuaye ni nani angalistahili kuingizwa na dakika gani.

Utetezi nao haukuwa dhaifu. Madagaska haikuwa timu ya kubahatisha, maana katika mashindano yaliyotangulia, yaliyochezwa Algeria mwaka 2023, ilichukua nafasi ya tatu. Zaidi ya hayo, ushahidi mkubwa ulifika siku nane baadaye. Tarehe 30 Agosti fainali ilichezwa hapo hapo Kasarani, na waliokutana ni Morocco na Madagaska, Morocco ikashinda 3–2. Basi bingwa alikuwa timu ambayo Kenya iliifunga ikiwa na watu kumi, na aliyemfuata ni timu ambayo Kenya haikushindwa nayo kwa dakika 120. Mtu akiyaweka mambo haya katika mizani, hataweza kusema kwamba vijana wale walikuwa wabovu. Atasema kwamba walikosa kidogo, na kukosa kidogo ndiko kunakouma zaidi.

Mahakama hiyo haikuwaacha watazamaji nao. Katika michezo ya kwanza watu wengine waliingia Kasarani kwa nguvu bila tikiti, na Shirikisho la Mpira la Afrika likaitoza Kenya faini na kupunguza idadi ya watu waliokubaliwa kuingia. Waliokuwa wamejinyima ili wanunue tikiti walibaki nje kwa makosa ya walioruka ukuta. Ni neno jema kusikia watu wakijihukumu wenyewe, maana kulaumu mchezaji ni rahisi kuliko kukemea rafiki wa jirani.

Mabishano haya huenda yakaonekana kuwa upuzi mtupu. Lakini imefaa kukumbuka kwamba mitaa hii imepata kuona mabishano ya namna nyingine. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Kibera iliwaka moto, reli ikang'olewa, watu wakauawa na wengine kuhama vyumba vyao kwa sababu ya lugha waliyoisema. Kawangware iliona ugomvi kama huo mwezi wa Oktoba 2017. Majirani wajuao mambo hayo hufahamu thamani ya mahali ambapo Mjaluo, Mluhya, Mkikuyu, Mkamba na Mnubi waweza kukaa benchi moja, wapingane kwa sauti kubwa, watukanane utani, kisha walipe chai na kuagana. Asiyejua kushindana kwa maneno hushindana kwa mawe.

Liko na neno la mwisho ambalo mahakama hulirudia mara nyingi, nalo ni habari ya viwanja. Wachezaji hawatoki mbinguni. Watoto wa mitaa hii huanza na mpira wa karatasi na kamba katika nafasi zilizobaki kati ya vibanda, na kila mwaka nafasi hizo hupungua. Hata hivyo matunda hayakosekani. Kibera Black Stars ilitoka katika vichochoro hivyo ikafika katika ligi ya pili ya taifa. Shule ya Kibera Girls Soccer Academy, iliyofunguliwa mwaka 2006, ilizaliwa kutokana na timu ya mpira ya wasichana, hata mpira ukawaletea vitabu. Mwaka 2024 ulianza kujengwa uwanja wa Talanta katika eneo la Jamhuri, kando ya Barabara ya Ngong, uliokusudiwa kuingiza watu 60,000, kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika ambalo nchi tatu za Afrika Mashariki zilipewa mwaka 2023 kuliandaa. Mahali hapo ni kati ya Kibera na Kawangware hasa, na mtu wa kila upande aweza kufika kwa miguu.

Wapenzi wa mpira hufurahia jengo hilo, lakini huuliza swali moja la haki: mtoto wa Lindi au wa Kawangware atauingia kwa mlango gani, ule wa watazamaji au ule wa wachezaji? Uwanja mkubwa bila viwanja vidogo ni kama ghala bila shamba. Penalti zilizokosekana usiku ule wa Agosti hazikukosekana Kasarani peke yake. Zilikosekana miaka mingi kabla yake, katika kila uwanja wa mtaa uliogeuzwa kuwa maduka, na katika kila kijana aliyeacha mazoezi kwa kukosa viatu. Hukumu hiyo haikuandikwa katika kitabu chochote, wala hakuna askari wa kuitekeleza, lakini waliopewa madaraka ya mpira wa nchi hii wangefanya vema kuisikiliza.