Usiifomati, Mpwa Wangu

Ngamiani, Tanga

Mpwa wangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata jana usiku, na mama yako naye kanipigia alfajiri, anasema tangu juzi hujatia kitu mdomoni. Kula kwanza. Hiyo eksteno, diski yako ya nje, haitapona kwa njaa yako, na kazi iliyo mbele inataka mtu aliyetulia.

Nilivyokuelewa ni hivi. Ulikuwa unahamisha video za harusi ya Bweni kutoka kwenye kadi ya kamera kwenda kwenye diski, umeme ukakatika, na laptopu yako ambayo betri yake ilikufa zamani ikazimika papo hapo. Ulipowasha, Windows ikakwambia diski lazima ifomatiwe ndipo itumike, ukabonyeza hapana. Ulifanya la maana. Sasa wamekuzunguka washauri: mmoja anasema ubonyeze ndiyo, "tutarudisha baadaye", wa pili anataka kuendesha chkdsk, amri ya Windows ya kurekebisha diski, wa tatu kasikia kwamba diski huwekwa kwenye friza usiku kucha. Wote wanakupenda, na usimsikilize hata mmoja. Mimi nimekaa kwenye meza ya ufundi tangu enzi za redio za mbao, na nakuhakikishia kuwa mafaili yanayoharibiwa na mikono ya watu baada ya hitilafu ni mengi kuliko yanayoharibiwa na hitilafu yenyewe.

Chukulia ghala la bandarini kwetu. Mizigo imepangwa, na karani ana daftari linaloonyesha kila gunia liko safu gani. Umeme ulipokatika karani alikuwa katikati ya kuandika, ukurasa ukachanika. Magunia yapo pale pale, ila Windows haijui kuingia ghalani bila daftari, ndiyo maana inakuomba ruhusa ya kuanza jipya. Ukikubali, daftari jipya tupu linaandikwa mahali pa lile la zamani. Siku hiyo magunia hayataguswa, lakini kila nafasi itahesabika kuwa wazi, na chochote utakachokiingiza baadaye kitakaa juu ya harusi ya mtu. Diski za nje tunazozitumia kwa kamera na kompyuta za kila aina mara nyingi hufomatiwa kwa exFAT, na exFAT haiweki kumbukumbu ya hatua zake kama mpangilio wa NTFS unavyoweka. Ikikatwa katikati ya kuandika, haina pa kurejea.

Hiyo chkdsk nayo ina kazi yake, lakini si hii. Yenyewe inataka daftari lilingane, basi; ikikuta kipande kisicho na mwenyewe inakitupia kwenye folda la FOUND.000 kwa jina kama FILE0000.CHK, hata kama kipande hicho ni bibi harusi anaingia ukumbini. Na inaandika humo humo kwenye diski inayoumwa. Kuhusu friza sina la kusema refu. Kwa unyevu wa pwani hii, chupa ya maji ukiitoa tu barafuni inalowa nje. Diski nayo hupumua kupitia kitundu chake kidogo, na umande ukitua kwenye sahani zake umemaliza kila kitu.

Kama ingekuwa vile virusi vya shotikati tunavyookota kwenye maduka ya steshenari tunakokwenda kuprinti, ningekuelekeza kwa simu. Virusi vile huyaficha mafaili na kuacha viunganishi vya bandia, na amri ya attrib huyafichua yote. Hili lako ni jingine.

Sasa nataka usikie kwa masikio yako. Subiri nyumba itulie, weka diski juu ya meza isiyotikisika, ichomeke kwa waya mfupi mzuri, kisha inamisha kichwa. Ndani kuna sahani zinazozunguka mara 5400 kwa dakika, na vichwa vya kusomea vinavyoelea juu yake kwa nafasi ambayo unywele mmoja ni mnene kuipita maelfu ya mara. Diski nzima utaisikia ikivuma taratibu halafu ikatulia kwenye mvumo mmoja. Ukisikia tik, tik, tik, kisha kimya, kisha tena tik, tik, vichwa vimeshindwa kupata njia: chomoa hapo hapo wala usijaribu mara nyingine. Ukisikia mlio mwembamba wa kulialia na haizunguki, huenda vichwa vimegandana na sahani. Diski za namna hizo mbili haziendi kwa mtu wa bisibisi. Zinakwenda kwenye maabara yenye chumba kisicho na vumbi, na fundi yeyote atakayetaka kuifungua kifuniko hapo kibarazani, mbele ya barabara inayopita bodaboda, mwambie asante na uondoke na diski yako. Wengine watakwambia wabadilishe bodi ya umeme. Kwa diski za zamani iliwezekana. Za siku hizi kila bodi ina chipu yenye vipimo vya diski yake peke yake, na kama chipu haikuhamishwa hakuna kitakachosomeka.

Ulinitumia picha ya dirisha la Disk Management, nami niliona imeandika RAW, yaani daftari halisomeki, na ukubwa wa GB 1863 hivi, ambao ndio TB 2 kwa hesabu ya Windows. Nimefurahi. Diski inayojua ukubwa wake mara nyingi mwili wake mzima, tatizo liko kwenye daftari. Hata hivyo tutaipima kwa CrystalDiskInfo. Nataka kuona mistari miwili tu, sekta zilizohamishwa na sekta zinazosubiri hukumu. Ikiwa zinaongezeka kila tukitazama, tutakwenda mbio.

Tutakachofanya kwanza si kurejesha chochote. Tutainakili diski nzima, sekta kwa sekta, kwenye diski nyingine isiyopungua ukubwa wake, na kuanzia hapo ya kwako haiguswi tena. Makosa yote tutayafanyia kwenye nakala. Natumia ddrescue ya Antonio Díaz Díaz, programu ya bure iliyopo tangu 2004, ninayoianzisha kwenye flashi ya Linux. Uzuri wake ni kwamba husoma kwanza panaposomeka kwa urahisi, pagumu huparuka na kupaacha mpaka mwisho, na kila hatua inaiandika kwenye faili la ramani. Umeme ukikatika, na utakatika, tukiwasha inaendelea ilipoishia. Kwa kebo ya USB 3, TB 2 ni kazi ya saa tano au sita. Kwa mlango wa USB 2 wa laptopu yangu kuukuu ni kama saa kumi na sita, kwa hiyo njoo na yako. Kabla ya kubonyeza tutaandika amri ya lsblk inayoorodhesha diski na kusoma kwa sauti ipi ni chanzo na ipi ni kikapu, maana ukizigeuza, diski tupu inaandikwa juu ya iliyojaa, na hapo hata mimi sina dawa.

Nakala ikishapatikana tutaanza na TestDisk ya yule Mfaransa Christophe Grenier. exFAT huweka nakala ya sekta zake za mwanzo mbele kidogo ya zile halisi, na mara nyingine kuirudisha hiyo tu kunatosha, mafolda yote yakatokea na majina yake. Ikigoma tutashuka kwa PhotoRec, ndugu yake, isiyojali daftari kabisa: inapita sekta zote ikitafuta mwanzo wa kila aina ya faili. Hiyo itakupa picha zako, lakini zitaitwa f kisha tarakimu ndefu, bila folda wala jina la bibi harusi, na utakaa wiki nzima ukizipanga. Picha hutoka salama. Video ndefu zilizokatwakatwa na kutawanywa ndizo husumbua, na sitakudanganya kwamba zote zitacheza.

Faili lililokuwa njiani umeme ulipokatika, kwenye diski lisahau. MP4 mara nyingi huandika mwisho wake sehemu inayoiambia programu ya kuchezea picha zimepangwaje, na lako halikufika mwisho. Ndiyo maana nilikupigia kelele kwenye simu kuhusu kadi ya kamera. Hukukopi, ulikata na kubandika, sawa. Lakini kilichofutwa kwenye kadi kinabaki pale mpaka kiandikwe kingine juu yake. Itoe kadi, sukuma kile kitelezi cha kufunga ubavuni, itie kwenye bahasha uandike "Bweni". Jumamosi una shughuli ya kupiga picha huko Mkwaja, najua. Azima kadi, nunua kadi, lakini hiyo isirudi kwenye kamera. Nina tumaini nayo kubwa kuliko diski.

Nije kwenye jambo ambalo wenzako hawakulitaja. Kwenye hiyo diski mna shughuli za kina mama, za kupamba na kesha la hina, watu wamevua mabuibui wakijua wako peke yao. Walikuruhusu wewe na kamera yako kwa sababu wewe ni mwanamke mwenzao. Diski hiyo usimwachie kijana wa dukani ailaze kwake. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na inakuhusu wewe unayehifadhi sura za watu. Lakini hata kabla ya sheria, hapa Tanga jina la mpiga picha likishaharibika kwa hilo halisafishiki. Mimi mwenyewe sitafungua video hata moja. Nitatazama majina na ukubwa wa mafaili. Wakati wa kuhakiki utakaa wewe kwenye kiti, nami nitatoka nje nikanywe kahawa.

Kisha ziendee zile nyumba. Unasema harusi za miaka minne zimo humo tu, na mimi nakwambia si kweli. Kila familia ulishaipa flashi, nyingine DVD, mashangazi wamerushiana vipande kwa WhatsApp. Waombe ukopi. Utaona aibu kidogo kwa sababu wewe ndiye ulipaswa kuwa mtunzaji, lakini watakupa. Kumbuka tenzi zetu. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliutunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, vita hivyo hivyo vilivyomfikisha Bushiri kunyongwa hapo kwenu Pangani Desemba 1889, na aliuandika kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu. Tunausoma leo kwa sababu J.W.T. Allen aliuchapisha mwaka 1955, ukaingia nyumba nyingi. Tenzi zilizolala kwenye sanduku moja la nyumba moja tumewaachia mchwa.

Kwa hiyo kuanzia sasa kila kazi ikae sehemu tatu: diski ya kazi, diski ya pili isiyokaa nyumba moja na ya kwanza (kabati la mama yako linafaa, ni kavu), na zile chache muhimu mtandaoni. Usizitie zote mtandaoni ukajiona umemaliza. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, hapa mjini hata barua pepe ilikuwa shida. Na kadi isifutwe mpaka uzione picha na video zake zimekaa angalau sehemu mbili. Betri ya laptopu nunua mwezi huu, hata kama ni kwa kukopa kwangu.

Mama wa bibi harusi wa Bweni mpigie leo, usingoje akuulize. Mwambie diski imepata hitilafu, picha inatarajiwa kupatikana, video huenda isikamilike, na utamjibu kwa uhakika wiki ijayo. Usimwahidi zaidi ya hapo. Akitaka sehemu ya pesa yake, mpe bila kubishana.

Njoo Jumapili kwa gari la asubuhi. Diski ifunge kwenye taulo, iwe mkononi mwako, isipande kwenye buti na madumu, maana hiyo barabara unaijua. Njoo na laptopu, chaja yake, waya uliokuja na diski, ile bahasha ya kadi, na diski mpya ya TB 4 ikiwa bado imefungwa. Usipoipata huko Pangani niambie kesho kabla ya adhuhuri, nitapita mjini kuichukua, tutahesabiana baadaye.

Msalimie dada yangu, mwambie umekula.

Mjomba wako